Mtoto Aliyeambiwa Amekuwa Mwanaume

Siku mliponiaga pale ofisi ya ustawi wa jamii mlisema niache kitu cha maandishi, kwa sababu mimi nikianza kusimulia kwa mdomo chai inapoa na watu wana kazi. Nimekubali. Sasa niko nyumbani Nata, kuku wananishangaa kwa kuwa hawajazoea kuniona asubuhi, na muda ninao.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo vilikuja vilipotaka vyenyewe, na mshahara mnaujua, maana ni huohuo mnaopata ninyi. Kesi za ukeketaji na za mabinti kuozwa wakiwa wadogo nazo zimesimuliwa sana, na ni vizuri ziendelee kusimuliwa. Mimi nataka kuandika juu ya ile kazi isiyo na gari la polisi wala mkutano wa hadhara. Mzazi anafika mlangoni, anakaa kwenye benchi, anazungusha kitambaa mikononi, kisha anasema, "Mtoto wangu amebadilika. Sijui ana nini." Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetoroka, hakuna cha kuandika kwenye taarifa ya mwezi. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kuliko nyingine zote, na ndiyo msiyofundishwa vya kutosha chuoni.

Nilianzia Mugumu. Nilifika na cheti kipya na viatu visivyofaa kwa matope. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Wambura, Mwikoma wa Robanda, mtu mrefu aliyezungumza kana kwamba maneno yanauzwa. Asubuhi ya kwanza alinikuta nimepanga meza yangu vizuri, kalamu huku, mafaili kule, kiti cha mgeni mbele yangu. Akaiangalia meza ile kwa muda.

"Hiyo ni ya kuandikia," akasema. "Mzazi akikuona nyuma ya meza anajua ana kesi. Na mtu mwenye kesi anajitetea, haelezi."

Akabeba benchi mwenyewe, akaliweka kando ya dirisha, na tangu siku hiyo nimekaa benchi moja na wazazi, bega kwa bega, wote tukiangalia nje. Jaribuni. Mtu anayeangalia mbuzi wa jirani anasema mambo ambayo hawezi kuyasema akiangaliwa usoni.

Wiki ileile akanichukua kwa pikipiki kwenda kijijini kwao, Robanda. Mama mmoja alikuwa ameita msaada. Binti yake, Sabina, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa mtoto mtulivu, mwimbaji wa kwaya, na sasa alilia kwa sababu ya kijiko kuanguka, akawafokea wadogo zake, na Jumapili iliyopita alitoka kanisani katikati ya wimbo. Mama yake alishapanga kumpeleka mahali akaombewe, pepo litoke.

Tulimkuta mama ameketi mbele ya lundo la mahindi, anapukuchua. Mimi nikasimama na mkoba wangu nikisubiri kukaribishwa kitini. Bwana Wambura akakaa chini, akachukua hindi, akaanza kupukuchua. Basi na mimi nikakaa, na viatu vyangu.

Alimaliza mahindi mawili. Kisha akauliza, "Jana tembo walikuja?"

"Walikuja," mama akasema. "Wamekula upande wote wa chini."

"Nani alikesha?"

"Mimi na Sabina. Baba yake yuko kambini, watalii wamejaa."

"Na juzi?"

"Juzi pia. Wiki nzima hii ni sisi wawili, madebe na tochi."

"Na asubuhi Sabina anaenda shule."

"Anaenda."

Akapukuchua hindi lake hadi mwisho. "Mama, na wewe ukikesha wiki nzima, mtu akikuuliza chumvi iko wapi unamjibuje?"

Yule mama akacheka hata akaacha kazi. "Namjibu vibaya."

Haikuwa zaidi ya hapo. Tulikaa mpaka lundo likapungua, tukazungumza na majirani wawili juu ya kupokezana zamu za shamba ili Sabina alale, tukaondoka. Njiani Bwana Wambura akasimamisha pikipiki ili nimsikie vizuri, akaniambia maneno ambayo nimewarudia ninyi mpaka mmechoka: "Kabla hujatafuta shetani, tafuta usingizi. Ukikuta usingizi upo, tafuta njaa. Kisha maumivu. Kisha mtu anayemwumiza. Shetani awe wa mwisho, na mara nyingi utakuwa umechoka kabla hujamfikia."

Sabina alirudi kwenye kwaya. Aliendelea kulia kwa vitu vidogo mara mojamoja, kwa sababu bado alikuwa na miaka kumi na minne, na hilo halina zamu ya majirani.

Hapo nilijifunza kazi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuchuja: je, hii hali ni ya umri, au kuna kitu? Mtoto anayenuna leo na kesho anacheka, anayegomba nyumbani lakini kwa wenzake yuko sawa, huyo anakua. Lakini mtoto aliyeacha kula, aliyejitenga hata na rafiki zake, ambaye huzuni yake haiondoki wiki kwa wiki, anayegawa vitu vyake, au anayesema ni heri asingekuwepo, huyo humpi ushauri wa kwenda nao nyumbani. Huyo unamfikisha hospitali siku hiyohiyo, na unaenda naye. Na msiogope kumwuliza mtoto waziwazi kama amewaza kufa. Swali halimpi wazo. Mara nyingi linampa pumzi.

Sehemu ya pili ni mzazi. Mtoto anabadilika bila kuombwa. Mzazi ndiye anayehitaji msaada ili asimwache njiani. Na mzazi mgumu kuliko wote niliokutana nao ninataka kumweleza kwa urefu, kwa ruhusa yake. Majina nimeyabadilisha, ingawa yeye alisema nisijisumbue.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Tarime, na kata mojawapo niliyopangiwa ilikuwa Nyanungu. Kikurya changu kilikuwa cha kuwafurahisha watu. Nilikuwa nikisalimia, na watoto wanakimbia kuwaita wenzao waje wasikie Mnata anavyosalimia. Sikujali. Anayekucheka tayari ameshakusogelea.

Siku ya gulio alikuja mama mmoja, Robhi, mke wa Mwita. Alitua kikapu cha ndizi mlangoni, akakaa kwenye benchi. Mwanawe wa kwanza, Marwa, alikuwa na miaka kumi na tano, yuko sekondari, na Desemba iliyopita alikuwa ametoka jandoni.

"Mama Ustawi," akasema, "huyu mtoto alikuwa rafiki yangu. Nikipika yeye anachochea moto. Tulikuwa tunacheka hata visivyochekesha. Baada ya jando nilijua hataingia tena jikoni, ndiyo mila, kijana aliyetahiriwa hakai jikoni kwa mama. Hilo nilijiandaa nalo. Lakini sasa haongei. Chakula namtolea nje kama mgeni, anaangalia pembeni. Nikimwita, 'Mimi siyo mtoto.' Shuleni amepigana na mwenzake. Juzi nimemkuta nyuma ya zizi analia. Nilipomkaribia akaokota jiwe."

"Akakutupia?"

"Hapana. Alilishika tu. Halafu akalipiga kwenye miti ya zizi, akanitazama kama vile mimi ndiye nimelirusha."

Nikamwuliza yale ya kuchuja. Anakula? Anakula, kidogo. Analala? Anachelewa kulala. Kuna mtu anayemwumiza? Hajui. Amesema lolote la kufa? Hapana. Kidonda chake kilipona vizuri?

Robhi akashika kikapu chake. "Hilo, mama, mimi siwezi kulijua."

"Nani anaweza?"

"Baba yake. Lakini baba yake anasema mtoto hana tatizo."

Kwa hiyo ilibidi nimpate baba yake. Nikatuma ujumbe aje ofisini, hakuja. Nikapiga simu, ikapokelewa, nikajitambulisha, ikakatwa. Nikaulizia ratiba ya josho, nikaambiwa siku ya kuogesha ng'ombe wa upande wao, nikaenda.

Mwita alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, amesimama na wanaume wenzake juu ya ukuta wa josho, anahesabu mifugo yake kwa macho. Nilisalimia, nikauliza habari za ng'ombe. Nzuri. Nikauliza habari za kupe. Wapo. Nikaanza kuhesabu na mimi.

"Mke wangu amekuja kwako," akasema bila kugeuka.

"Amekuja."

"Amekuambia nini?"

"Kwamba mwanawe amempotea na bado yuko nyumbani."

"Huyo siyo mtoto wa kupotea. Huyo ni omomura."

Omomura kwa Wakurya ni kijana aliyekwisha kutahiriwa, mlinzi wa boma na mifugo. Ni neno zito, mtu halitamki kwa utani.

"Ni omomura," nikakubali. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tano."

Wenzake wakawa wanatusikiliza. Mwita akageuka. "Mama, nakuheshimu. Lakini haya si mambo ya wanawake. Tena wewe Mnata, kwenu mna yenu."

"Ya jandoni ni yenu, Baba Marwa. Sijauliza, na sitauliza. Mimi nimekuja kwa ya jikoni."

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka. Akashuka kwenye ukuta akafuata ng'ombe zake, na siku yangu ikaishia hapo. Nilirudi Tarime mjini na vumbi na harufu ya dawa ya josho kwenye gauni.

Zamu yao ilipofika tena, nikaenda. "Umekuja tena," akasema. Nikamwambia josho ni la wote. Hatukuongea zaidi. Mara iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki iliteleza nikafika na goti lenye damu. Aliliangalia goti langu, akasogea kwenye gogo alilokalia, nikapata nafasi.

Vijana, hapa nataka mnisikilize. Hakuna ujanja wowote niliotumia. Nilirudi tu. Watu wengi wanaokataa msaada wanapima kwanza kama na wewe ni wa kupita.

"Hata dume dogo la ng'ombe likitengwa na mama yake linasumbua," akaanza mwenyewe. "Unaliacha. Linazoea."

"Mwanao si ng'ombe, Baba Marwa."

"Najua."

"Ng'ombe haulizwi shuleni kwa nini amepigana."

Akaweka fimbo yake ya kuchungia chini. Nikaona sasa anaweza kusikia, nikamweleza kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga barabarani. Nilimwambia umri huu mwili unakimbia. Sauti, mifupa, ndevu, damu, vyote vinakwenda kwa pamoja, na vinaamsha hisia kali ambazo mtoto hakuwahi kuwa nazo. Lakini ile sehemu ya akili inayomzuia mtu, inayomwambia ngoja kwanza, hiyo inakua polepole, inachukua miaka mingine mingi. Kwa hiyo hasira inafika kwanza, na maneno yanakuja nyuma kwa mguu. Ukimwuliza "una nini" wakati ule, anakuambia "sina kitu," na hasemi uongo. Maneno yake bado yako njiani.

"Jando limemfanya omomura kwa siku moja," nikasema. "Hilo ni lenu na siligusi. Lakini mwili wake haujui siku moja."

Ng'ombe mmoja akakataa kuingia kwenye maji, vijana wakamsukuma. Mwita alitazama mpaka akaingia.

"Wewe ulipotoka," nikauliza, "ulikaa na nani?"

"Baba mkubwa. Alinichukua nichunge naye msimu mzima."

"Alikuambia nini?"

"Hakuwa msemaji. Tulikuwa tunatembea." Akafikiri. "Nilikuwa namwuliza vitu. Jioni hasa."

"Na Marwa anatembea na nani?"

"Yeye yuko shule. Ndugu zangu wako Mwanza, wanapiga simu sikukuu. Anarudi jioni, anafunga ndama, anaingia chumbani kwake."

"Kwa hiyo anatembea na nani?"

Akainuka kukusanya ng'ombe. Lakini aliponiaga alinipa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya.

Laiti tungepata nafasi ya kwenda taratibu. Siku chache baadaye simu yangu ililia asubuhi, na aliyepiga alikuwa Mwita mwenyewe. Marwa hakuwa amerudi kutoka shule. Dereva mmoja wa bodaboda alimwona akishuka karibu na machimbo ya dhahabu, ana begi la shule lakini ndani hakuna daftari.

Nilimkuta Mwita barabarani, ameshasimamisha pikipiki mbili. Mkononi alikuwa na fimbo. Mnajua machimbo. Mvulana wa kumi na tano anaweza kushuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, asubuhi na wenzake wakamaliza siku bila kujua kwamba hajapanda. Mwita alilijua hilo kuliko mimi, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

Nikamwambia sitapanda pikipiki mpaka anisikilize.

"Tutamkuta," nikasema. "Tukimkuta, usimwulize kwa nini. Hana jibu, na swali hilo litamfukuza. Usimsimamie. Kaa. Anza wewe kusema, tena sema ya kwako, si ya kwake."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, nyamaza ukiwa umekaa."

Akaiangalia fimbo. Akampa dereva wa pili aishike, na yule dereva alisafiri nayo njia nzima kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Tulitafuta kwa kuuliza, shimo hadi shimo. Mwishowe tulimwona karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ameketi na vijana wengine wanaoponda mawe kwa nyundo ili yaingie mashineni. Vumbi limemfanya mweupe. Nilimtambua kwa sare ya shule chini ya vumbi. Alikuwa juu, hajashuka chini ya ardhi.

Msimamizi wa pale alikuwa Msukuma, jina lake Masanja, mmoja wa wale waliokuja kutoka mbali kufuata dhahabu wakakaa. Alimfuata Mwita kabla hatujamfikia kijana.

"Mzee, shikamoo. Kama ni mwanao, mimi sikumwita. Alifika jana akasema hana kwao. Nikampa maji, nikampa nyundo. Kule shimoni nimemkataza."

"Alisema hana kwao?" Mwita akauliza.

"Ndivyo alivyosema." Masanja akajifuta uso. "Usichukie, mzee. Na mimi nilipofika huku nilisema hivyohivyo. Baba yangu alikuwa hai."

 Niliogopa. Nilimwona Mwita akikunja vidole vya mkono uliokosa fimbo. Kisha akaenda, taratibu, akapita mbele ya mwanawe, akachuchumaa kando yake, akaokota nyundo iliyokuwa haina mtu. Akavuta jiwe. Akaanza kuponda.

Marwa alikuwa amejiandaa kukimbia. Mguu mmoja ulishakuwa nyuma. Alimtazama baba yake akiponda jiwe la kwanza, la pili. Karasha lilikuwa limezimwa, wanaongeza mafuta, kwa hiyo nilisikia Mwita alipouliza, bila kuinua kichwa, "Kile kidonda kilipona vizuri?"

Nikaondoka. Nilimshika Masanja mkono nikamvuta naye, tukaenda kukaa upande wa pili wa mashine. Nilikuwa nimesema ya jandoni ni yao, na neno ni neno hata pale ambapo unatamani sana kusikia. Masanja alinisimulia habari za mashamba ya pamba kwao. Sikumbuki hata moja.

Baadaye karasha likawashwa na hata kama ningetaka kusikia nisingesikia. Nilichungulia mara moja. Mwita alikuwa anazungumza na jiwe, anaponda na kusema, anaponda na kusema. Marwa alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yanatikisika. Baba yake hakumwangalia wala hakumwambia anyamaze. Aliendelea na kazi mpaka mabega yakatulia.

Kisha akainuka, akajikung'uta. "Mama, twende tukanywe chai."

Kwenye kibanda cha chai Marwa alikula chapati kana kwamba anagombana nazo.  Nilimsogezea sukari. Alipomaliza, akasema, akiangalia kikombe:

"Mama, nikicheka naambiwa bado ni mtoto. Nikinyamaza naambiwa nina dharau. Nikitaka kukaa na mama naambiwa siyo mila. Nikikasirika tu ndiyo wanasema, huyu sasa ni mwanaume. Basi nikakasirika."

Nimehudhuria semina nyingi juu ya vijana, zenye chakula kizuri. Hakuna iliyonieleza jambo hili vizuri kama huyu kijana kwa maneno hayo machache. Baba yake aliweka kikombe chini. Akachukua chapati yake ambayo alikuwa hajaigusa, akaiweka kwenye sahani ya mwanawe.

Msidhani mambo yaliisha pale. Nilikwenda kwao mara nyingi baada ya hapo. Wiki ya kwanza Marwa alilala sana, Robhi akaogopa kwamba ni mgonjwa, nikamweleza kuwa kijana wa umri huo analala hivyo na mwili wake unafanya kazi akiwa amelala. Mwezi uliofuata alipiga teke mlango wa chumba chake ukavunjika bawaba. Mwita alinipigia simu, sauti imekaza. "Nimfanyeje?" Nikamwambia mwache apoe, kisha mlango autengeneze yeye, na wewe umshikie mbao. Walitengeneza pamoja. Mlango ule haufungiki vizuri mpaka leo.

Mwita akaanza kumchukua jioni, wanatembea kukagua ua wa zizi. Mara nyingine hawakusema lolote. Aliniuliza kama hiyo nayo inahesabika. Nikamwambia inahesabika kuliko hotuba.

Kilichobaki kigumu kilikuwa jiko. Robhi alimkosa mwanawe na mwanawe alimkosa yeye, lakini hakuna aliyetaka kuvunja mila, na mimi sikuwashauri waivunje. Afisa anayefika na kuvunja anaondoka na pikipiki yake, wenye mji wanabaki na vipande. Nilikaa nao tukafikiri, hatukupata kitu.

Mara nyingine nilipokwenda, nikashangaa. Mafiga matatu yalikuwa uani, mbele ya nyumba, chini ya anga. Robhi anapika nje, Marwa ameketi kwenye kigogo na kitabu, hatua kidogo kutoka kwenye moto, anamsimulia mama yake habari ya mwalimu wao mpya, na mama anacheka.

"Nani amehamisha jiko?" nikauliza.

"Mimi," Mwita akasema. "Mila inasema asiingie jikoni. Haisemi jiko lisitoke nje."

Majirani walimcheka msimu mmoja. Msimu wa pili niliona mafiga uani kwa mtu mwingine.

Marwa alimaliza kidato cha nne, si kwa alama za kutangaza. Sasa ni fundi wa kuunga vyuma Sirari, anachanganya Kiswahili chetu na cha ng'ambo ya mpaka hadi mama yake anamtania. Bado akikasirika anatoka nje kwanza. Hilo ni somo ambalo watu wazima wengi wa ofisi yetu hawajalifuzu, na sitataja majina kwa kuwa mtasoma hapa.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, nikiwa nafunga mafaili, mlango uligongwa. Walikuwa Mwita na Robhi, wamekuja pamoja, na nilipowaona wawili kwa mara moja nikadhani Marwa amepata ajali. Wakakaa kwenye benchi kabla sijawakaribisha. Mwita akavua kofia.

"Hatujaja na shida," akasema. "Mdogo wake Marwa, Bhoke, ametimiza kumi na tatu. Ameanza kubadilika. Jana amelia kwa sababu nimempiga picha, leo ameuliza kwa nini simpigi picha."

"Na ninyi mmemfanyaje?"

"Hatujamfanya kitu. Analala, anakula, rafiki zake wapo. Tumeshaangalia hayo." Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. "Tumekuja kuuliza jinsi ya kumsubiri. Huyu ni msichana. Sitaki kukosea."

Niliketi nao, bega kwa bega, tukaangalia nje. Nikaanza kuwaeleza kwamba kumsubiri msichana kunataka uvumilivu na chakula cha kutosha, na kwamba bawaba za milango wazikaze mapema. Robhi akacheka. Mwita hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, kofia magotini, anangoja nimalize.